Siku Wifi Yangu Aliposema Kijerumani

Wifi yangu Mahbuba aliishi Leipzig miaka minne ya ujana wake, akisomea uuguzi. Hilo sikulikataa. Nililolikataa ni Kijerumani chake. Tangu tuhamie Maskati sikupata kumsikia akitamka zaidi ya salamu, na kwa kuwa wifi hakosi la kumwambia wifi yake, nilitangaza kila harusi na kila hitima kwamba lugha yenyewe aliiacha uwanja wa ndege. Yeye hucheka tu, lakini kicheko cha mtu anayeumia nakijua.

Mwezi uliopita mjukuu wake Bashayer, anayesoma Kijerumani chuoni, alitukusanya kinamama wa Kizanzibari ukumbini Sib, pembeni mwa Maskati, atuoneshe filamu ya Kijerumani ya vichekesho na nyimbo. Ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho wa mwaka, na mwalimu wake, mama wa Kijerumani, alikaa mbele kumpima. Filamu ikaanza ukutani, maandishi ya Kiarabu hayakutokea. Bashayer alibonyeza hiki na kile, wapi. Kinamama wakaanza kutafuta viatu vyao.

"Bibi," akasema mtoto, "tufasirie."

Mahbuba akanitazama mimi kwanza. Ikiwa lugha imemtoka baada ya miaka hamsini, itajulikana leo, mbele ya watu wote.

Akashika kipaza sauti. "Huyu... muokaji mikate. Unga wake hauumuki." Akakwama. "Hauumuki mpaka yule mwanamke wa ng'ambo ya njia aimbe. Na mwanamke kamnunia."

Mtu wa nyuma akacheka. Baada ya hapo hakukwama tena. Muokaji akibembeleza, Mahbuba anabembeleza kwa sauti nzito, mwanamke akijibu, Mahbuba anabinua mdomo: "Kaumuliwe na mamaako, mie nna kazi zangu."

Ukafika wimbo mkubwa, mwanamke yuko dirishani. Mahbuba akaacha kusema, akaimba, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili. Sasa mtu wa Unguja akisikia mwanamke anampa mtu ukweli wake kwa wimbo, hakai. Mmoja akainuka na noti kwenda kutunza, kama kwenye taarabu, wakamfuata kumi, wakicheza taratibu, na kwa mazoea wakaenda alipo mwimbaji wa ukutani. Ukuta mzima ukawa vivuli vya mabuibui. Walipojiona wanampepea noti mtu wa kwenye filamu walicheka mpaka wakashikana, kisha wakamgeukia Mahbuba. Bashayer akasimamisha picha.

Mwalimu naye akainuka, akifuta machozi ya kicheko, akamwambia Mahbuba maneno marefu ya Kijerumani. Mahbuba akamjibu marefu zaidi, naye yule mama akamkumbatia. Akamgeukia Bashayer, akamwambia kwa Kiarabu kuwa amefaulu, na kwamba bibi yake anasema Kijerumani cha mitaa ya Leipzig, ambacho darasani hakipatikani.

Mimi nilikuwa bado nimekaa. Niliona haya na nikaona fahari, zote kwa pamoja. Nikatoa noti, nikacheza peke yangu mpaka mbele, nikampepea Mahbuba nayo usoni, nikamuomba kipaza sauti.

"Jamani, nnasema mbele yenu. Miaka yote hii nimemzulia wifi yangu."

Mahbuba akaipokea noti, akakichukua na kipaza sauti chake.

"Kaa, Kheiria," akasema. "Bashayer, washa, wimbo haujesha."

Nikakaa, nikamtii kwa mara ya kwanza tangu niolewe na kaka yake.