Sharti la Saba la Mwalimu Tackett

Hapa kwetu Kentucky, kila Agosti Mwalimu Verlene Tackett huwapa wanafunzi wake wa historia ya Marekani karatasi ya masharti, mzazi aitie saini. Sharti la saba: uliza nyumbani babu yako alikuwa upande gani kwenye mgomo wa wachimba makaa.

Mwaka huu mkuu wa shule, Dwight, akamfuata darasani. "Mwalimu, lifute hilo. Wazazi wamechachamaa."

"Wachachamae! Kitabu chenu kimeupa mgomo ule mstari mmoja. Sifuti kitu."

"Utafukuzwa kazi."

Verlene akatoa faili kuukuu kabatini. "Dwight, nimekufundisha mwenyewe. Masharti sita uliyatimiza. La saba nalingoja huu mwaka wa ishirini na mbili. Haya, babu yako alikuwa upande gani?"