Sapu Niliyorudi Nayo Mwanza

Mwanangu unayekwenda kusoma kompyuta, asubuhi ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko zote ni ile niliyoshuka stendi ya Buzuruga nikiwa na begi moja na sapu moja. Sapu ni mtihani wa marudio; kama hujawahi kuipata, mshukuru Mungu. Yangu ilikuwa ya programu, somo ambalo kozi nzima ya sayansi ya kompyuta imesimama juu yake. Ningefeli tena, chuo kingenifuta.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza Dar es Salaam. Kwetu ni Bujora, nje kidogo ya Mwanza, ambako baba alilima pamba na kufuga. Hesabu nilizipenda tangu mdogo, na hizo ndizo zilizonipeleka kwenye kozi ile, lakini kompyuta niliigusa kwa mara ya kwanza nikiwa chuoni. Siku ya kwanza maabara, mwalimu alisema tuwashe mashine. Mimi nikawasha kioo peke yake, nikakaa nikisubiri. Jirani yangu alicheka hadi akainamia meza. Tangu siku ile nikawa mtu wa kukaa nyuma. Nilinakili yote aliyoandika mwalimu ubaoni, nikayakariri, nikaomba mtihani uje na maswali yale yale. Haukuja nayo.

Nyumbani, baba mdogo, aliyekuwa mwalimu wa sekondari, alinionea huruma.

"Kabula, hiyo kozi ni ya watoto waliokua na kompyuta sebuleni," aliniambia. "Omba uhamie ualimu wa hesabu. Utafanya vizuri."

Nia yake ilikuwa njema, na nusu ya moyo wangu ilitaka kumsikiliza. Baba yeye aliuliza swali moja tu.

"Wewe mwenyewe unaitaka?"

"Naitaka, baba."

"Basi kaitafute."

Kesho yake nikaenda mjini kutafuta mahali pa kufanyia mazoezi. Nilikataliwa na kila mwenye kompyuta hadi nilipofika steshenari ya Mama Kiran, mama wa Kihindu ambaye familia yake ilikuwa ikifanya biashara Mwanza tangu enzi za babu yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Akanisikiliza. Kisha akasema asubuhi nitamchapia barua za wateja, na mchana wateja wakipungua nitatumia mashine ya pembeni kwa mambo yangu. Tukakubaliana hivyo.

Mchana nilifanya mazoezi, ila nilikwama zaidi kuliko nilivyokwenda. Na kila nilipokwama nilikuwa na maneno yangu tayari: "Unajua mama, mimi sikuwahi kuona kompyuta." Siku moja aliyasikia tena maneno hayo, akaweka chini karatasi alizokuwa anabana.

"Binti, hilo umeniambia tangu ulipokuja. Sawa, hukuwahi kuiona. Sasa umeshaiona. Unaiona kila siku. Kesho utasema nini?"

Mwanangu, niliumia. Nilikwenda nyuma ya mashine ya fotokopi nikajifanya napanga karatasi, kumbe nafuta machozi. Niliona kama hana utu. Nilifikiria kuchukua begi langu niondoke, nikahamie ualimu kama baba mdogo alivyosema. Lakini kila nilipotafuta jibu la lile swali lake sikulipata. Nikarudi nikakaa kwenye kiti.

Mara umeme ukakatika. Nikaanza kufunga begi.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Umeme umekatika, mama."

"Nimeona. Kaa unieleze hicho kinachokushinda."

"Mama, haya mambo ni magumu, hutayaelewa."

"Ndiyo maana nataka unieleze."

Kilichonishinda kilikuwa amri za kurudia, yaani namna ya kuiambia mashine irudie kazi mpaka ifike mahali pa kuacha. Nilikuwa nimezikariri, ila nikipewa swali jipya sijui pa kuanzia. Nilimwambia kwamba mtihani ulitutaka tuandike programu ya kupanga majina kwa alfabeti. Mama Kiran akachukua bahasha za wateja, akazitandaza kwenye kaunta.

"Mimi ndiye mashine. Niambie nifanye nini. Usiponiambia, sifanyi."

Nikaanza. Chukua bahasha mbili za mwanzo, linganisha majina. Kama la kwanza linatakiwa kukaa nyuma, zibadilishe nafasi. Sogea kwenye bahasha inayofuata, fanya vilevile. Rudia.

Akafanya kama nilivyosema. Bahasha zilipokwisha akaendelea. Akalinganisha bahasha ya mwisho na stepla, akalinganisha stepla na chupa ya gundi, akafika mwisho wa kaunta, akalinganisha gundi na mwavuli wa mteja, kisha akaelekea mlangoni.

"Mama, simama!"

"Hukuniambia nisimame wapi."

Wateja walicheka, nami nikacheka, kicheko cha kwanza tangu nipate matokeo. Nikamrudisha, nikamwambia asimame bahasha zikiisha. Akasimama. Akaziangalia.

"Bado hazijakaa sawa," alisema.

Kweli, bado. "Basi anza tena mwanzo," nikamwambia. "Pitia zote, urudie, mpaka upite safari nzima bila kubadilisha hata moja."

Maneno yale nilikuwa nimeyakariri mwaka mzima kwa Kiingereza, na ndiyo kwanza nimeyatoa kichwani mwangu mwenyewe nikijua yana maana gani. Mama Kiran aliendelea kupanga bahasha hadi zikakaa sawa.

Umeme uliporudi niliandika programu ile bila kufungua daftari. Ikakataa. Nikaisoma mstari kwa mstari, nikaona kosa, nikarekebisha, ikakataa tena. Jioni majina yakajipanga kwenye kioo. Nilimwita aje aone. Akaja, akaangalia, akasema, "Haya, lingine."

Likizo yote ikawa hivyo. Sapu nikaishinda, kwa alama za kawaida tu, ila zilikuwa zangu.

Mwaka wa pili nikahamia viti vya mbele. Nikaanza kugonga mlango wa mwalimu na maswali yangu, nikagundua alikuwa akikaa pale peke yake akisubiri wanafunzi wasiokuja. Nikaanzisha kikundi ambacho kila mmoja lazima asimame awaeleze wenzake, na wenzake wakitikisa kichwa anaanza upya. Field, yaani mafunzo ya vitendo kazini, nilifanya kwenye kiwanda cha samaki kando ya ziwa. Walinipa kazi ya kuchemsha chai. Nilichemsha, na kila asubuhi nikaomba kazi ya kompyuta, hadi wakachoka kunikatalia.

Mama Kiran alifariki kabla sijahitimu. Hilo linaniuma hadi leo.

Siku hizi nasimamia vijana wanaotengeneza mifumo ya hospitali. Juzi mpwa wangu alikuja nyumbani Mkolani, amechaguliwa kozi ile ile, akaniambia, "Shangazi, siku hizi akili mnemba inaandika programu nzima ukipepesa macho. Nijisumbue kwa nini?" Nilimwambia itumie, hata mimi naitumia. Lakini ikikosea kipimo cha dawa ya mtoto mchanga, na wewe ndiye uliyeweka jina lako pale, nani atagundua kabla mtoto hajanywa?

Kwa hiyo, mwanangu, nenda kasome. Usione haya kuanza ukiwa nyuma ya wenzako, ona haya kubaki hapo. Usipitishe wiki bila kutengeneza kitu kwa mikono yako, hata kama ni kidogo na kibovu. Hesabu zile na nadharia zile mnazoziita za kuchosha, zishike, maana lugha za programu zitabadilika na zenyewe zitabaki. Unachojua mweleze mwingine. Ukishindwa kumweleza, rudi ukakisome. Walimu wako wafuate. Rafiki anayekwenda kudisko, yaani kufutwa chuo, mshike mkono mapema, kabla matokeo hayajabandikwa. Na ukipata sapu, lia siku hiyo, kisha ukae kwenye kiti.

Mungu akupe afya ya macho na subira ya moyo. Akukutanishe na watu wasiokuonea huruma pale unapohitaji kusukumwa. Kazi ya mikono yako iwafae usiowajua, na siku ya kuvaa joho wazazi wako wawepo, wazima, wakushangilie. Amina.