Kunusana Vidole

Jirani akiwasha kiko, mimi narudi kwenye kile kichaka cha juu Newala tulikojificha ili askari wa Mjerumani wasitukamate. Baba na mjomba walikuwa wameapa kuacha tumbaku, moshi usije ukatuchongea. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, walinusana vidole.

"Lete mkono, shemeji."

"Na wewe lete wako."

Hawakuaminiana hata kidogo, lakini hivyo ndivyo walivyosaidiana.

Asubuhi moja tumbaku ilinuka waziwazi. Wakakamatana mikono, macho yamewatoka, wakanusa, wakanusa tena. Vidole vilinuka muhogo tu.

Mama akaniinua taratibu, akanong'ona, "Basi anayevuta si wa kwetu."

Tukashuka bondeni kwa kutambaa.

Mpaka leo, harufu ya tumbaku ikimtangulia mtu mlangoni, siitikii hodi.