Gemu la Babu kwenye Laptop ya Kaka Baraka

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Mikindani mtanielewa, skrini haikuwa kitu cha kutia mfukoni. Ilikuwa mali ya sebule, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ilikuwa na mwenyewe. Ukitaka kuitazama unaoga kwanza, unakaa kwenye mkeka, na unanyamaza. Leo mwanangu anatazama katuni akiwa chooni, halafu anatoka kuniambia kwamba hana cha kufanya. Sisi siku ilikuwa haitutoshi. Asubuhi mchakamchaka na kidumu cha maji ya kumwagilia bustani ya shule, mchana ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, jioni mpira wa rede mpaka nyayo zinawaka moto. Msimu wa korosho tulikula mabibo mpaka midomo inawasha, na maji yake yakidondokea shati la shule ndiyo basi tena, doa lile unamaliza nalo darasa la saba. Mama alikuwa akiliona anasema, "Shati hilo utaolewa nalo."

Nilikuwa darasa la sita, miaka ya elfu mbili na kitu, lilipofunguliwa banda la gemu karibu na soko. TV mbili, benchi mbili, na wavulana wamejazana mpaka mlangoni. Siku moja zamu yangu ilifika, sarafu imelowa jasho kiganjani, mwenye banda akaniangalia akasema, "We Zuhura, si ukacheze rede na wenzio?" Wavulana wakaangua kicheko. Babu yangu alikuwa anapita akitoka msikitini, akaona yote. Hakugombana na mtu. Alinishika mkono, na tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Usilie, ntoto wangu. Nitakuagizia lako, ng'ambo." Ng'ambo maana yake Msumbiji, alikokuwa akienda Mjomba Saidi, kaka yake mama, kuuza na kununua. Alivuka mto Ruvuma pale Kilambo kwenda na kurudi, na kila akirudi alikuwa na kitu ambacho mtaani hakijaonekana.

Babu hakumsubiri Mjomba arudi. Homa ya siku tatu tu, tukamzika. Bibi akaingia eda, miezi minne na siku kumi, kwenye chumba kile cha mbele ambacho dirisha lake linatazama barazani. Hatoki, hajipambi, haonani na mwanamume wa kando. Mama akaifunika TV kwa kanga, akasema haitafunuliwa mpaka Bibi atoke eda, na marufuku kuonekana kwenye banda la gemu nyumba ikiwa na msiba. Hayo tuliyaelewa. Kilichotutisha mimi na mdogo wangu Issa ni Bibi mwenyewe. Yule aliyekuwa akimwita Issa "mume wangu mdogo" na kumdai kitoweo, yule aliyemtania kila mtu mpaka mwenyekiti wa mtaa, sasa alikuwa kimya. Chai inaingia chumbani, chai inatoka, imepoa.

Siku ya arobaini Mjomba Saidi akafika na kiroba cha unga wa muhogo. Akachomeka mkono mpaka kwenye kiwiko, akavuta kifurushi kilichofungwa kanga, akakipangusa. "Gemu la Zuhura," akasema. "Mzee aliniagiza." Nililia mbele za watu wote na sikujali. Lakini Mjomba hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu. "Hili limevuka mto kwenye mtumbwi, na limelala ndani ya unga. Aliyeniuzia amekubali likiwa bovu nilirudishe. Naondoka Ijumaa alfajiri. Nisipoliona linafanya kazi, naondoka nalo. Siachi kitu kibovu kwa jina la marehemu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Gemu tunalo, TV iko mita tatu, imefunikwa kanga, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwomba Mama aifunue. Usiseme hatukuwa na adabu.

Jirani zetu walikuwa watu wa Bukoba, baba yao karani wa bandari. TV yao ilikuwa kwa fundi tangu Pasaka, na mafundi wa enzi zile mnawajua. Ila kijana wao, Kaka Baraka, alikuwa likizo kutoka chuo Dar, na alikuja na laptop ya kuchezea magemu. Ilikuwa nene, ina taa nyekundu chini ya vitufe, na feni yake ikianza kuvuma unadhani mtu anakoboa mpunga. Aliifuta kwa kitambaa cha miwani asubuhi na jioni. Issa ndiye aliyesema, "Ile si skrini? Skrini ni skrini."

Alhamisi baada ya alasiri tukamleta Kaka Baraka barazani kwetu. Pale nje hakukuwa na soketi, kwa hiyo tukavuta waya kutoka chumbani kwa Bibi, ukapita dirishani. Mjomba Saidi akaketi pembeni kama hakimu. Kaka Baraka akatoa kiwaya alichokuwa akitumia kuonyesha filamu za laptop kwenye TV, akasema maneno ambayo vijana wa chuo huyasema kabla ya kuharibu kitu: "Hamna shida." Akachomeka waya wa njano wa gemu kwenye kile kiwaya. Taa ya gemu ikawaka. Skrini ikabaki na picha yake ileile ya milima. Akachomoa, akapuliza unga, akachomeka tena. Milima.

"Ah," akasema hatimaye, akikuna kichwa. "Mlango huu ni wa kutokea tu. Laptop inatoa picha, haipokei."

"Nyumba gani ina mlango wa kutokea isiyo na wa kuingilia?" Mjomba akauliza, akaanza kulifunga tena gemu kwenye kanga yake. Mimi nilikuwa nimeshika waya, sikuuachia. Alivuta, nikavuta. Nilijua kabisa nafanya utovu wa nidhamu, lakini ile ilikuwa ahadi ya mwisho ya Babu na nilikuwa naiona inarudi kwenye unga.

Hapo Kaka Baraka akajipiga kofi kwenye paji la uso, akakimbia kwao. Alirudi na kidude kidogo kama kiberiti, alichokuwa akitumia bwenini kunasa TV ili watazame mpira kwenye laptop. Kilikuwa na tundu la njano, la kuingilia. Tukachomeka. Gemu likalia. Tukainama wote watatu kutazama, na jua la alasiri likatuonyesha nyuso zetu wenyewe tu kwenye kioo.

"Linafanya kazi au halifanyi?" Mjomba akauliza.

"Sauti unaisikia, Mjomba!"

"Mimi nataka kuona."

Ndipo sauti ikatoka dirishani, ya kukwaruza kwa kutotumika. "Huku ndani kuna kiza. Leteni hicho alichoagiza mume wangu, nikione na mimi."

Mama aliyekuwa akipepeta unga uani alisimama na ungo mkononi.

Mjomba, mwanawe wa kumzaa, aliruhusiwa kuingia. Kaka Baraka hakuruhusiwa. Basi kijana yule, ambaye hata mama yake hakuthubutu kuigusa ile laptop, akanipakatisha mimi, mtoto wa miaka kumi na mbili mwenye mikono ya unga, akasema, "Taratibu, Zuu. Shika chini, usishike skrini." Akabaki nje, amelipa dirisha mgongo kwa heshima, akituelekeza kwa sauti: bonyeza pale, shuka chini, chagua cha pili. Maandishi yote yalikuwa ya Kireno. Tulikisia. Mjomba ndiye aliyejua kwamba "sim" ni ndiyo.

Uwanja ukatokea, majani ya kijani, wachezaji wamepanga mstari. Nikaanza kucheza, na kumbe kile kidude kilikuwa na ugonjwa wake: unabonyeza sasa, mchezaji anapiga baadaye. Nikilenga goli, mpira tayari umeshachukuliwa na mwingine. Bibi alisogea mpaka ukingoni mwa kitanda. "Huyo anayezubaa ni nani?"

"Ni mimi, Bibi."

"Nwite tena, anasikia huyo? Kama shangazi yako wa Newala. Unamwita leo, anaitika kesho!"

Mjomba akacheka. Issa akacheka. Nje, Kaka Baraka naye akacheka bila kujua anachekea nini. Na Bibi akacheka, kicheko kifupi, akajifuta machozi kwa ncha ya kaniki, akasema yeye na chai yake wangependa kuonana. Aliinywa yote, na kipande cha muhogo. Mjomba akaikunjua kanga, akaiweka tupu begani. "Linabaki," akasema.

Leo nina TV ukutani kubwa kuliko dirisha lile la Bibi. Mwanangu ana laptop yake, na picha ikikwama nusu sekunde anapiga kelele kama ameng'atwa na nyuki. "Mama, inachelewa!" Sisi tulicheza na ucheleweshaji huo likizo nzima, tukajifunza kubonyeza kabla, na wavulana wa banda walipokuja kujipima nasi hawakuambulia kitu. Kaka Baraka alituachia kile kidude aliporudi chuo, na aliyekuwa akituazima laptop likizo zote zilizofuata ni yeye. Sijawahi kumwambia inavyostahili jinsi ninavyomshukuru.

Ila Babu ndiye aliyenikaa moyoni. Jioni ile tulipokuwa tunakusanya nyaya, Bibi aliniambia, "Haya, nshukuru babu yako."

Nikamwambia, "Si ameshakufa, Bibi."

"Wewe sema. Si umeona hicho chako? Unabonyeza sasa, kinafika baadaye. Lakini kinafika."

Nikasema asante, Babu, kwa sauti, mbele ya Mjomba na Issa. Bibi naye ametangulia sasa. Na kila mwanangu anapolalamika kwamba inachelewa, mimi nasema tena, kwa wote wawili.