Dakika Nne za Oyaro

Wenye kompyuta Rongo wanamwogopa Kezia Moraa. Ni fundi hodari, lakini ulimi wake hauna breki, na hakuna kinachomchemsha kama mtu anayeng'oa waya mashine ikikawia kuzimika. Kwake huo ni ushenzi. Mashine ikisema imeshindwa kuachilia diski, maana yake kuna programu ambayo bado inaitumia. Itafute, uifunge, ndipo uzime.

Alhamisi asubuhi aliitwa na Oyaro, mwenye kiwanda cha sukari nguru. Kompyuta ya kamera ilikuwa ikigoma kuzimika, naye kila mara alivuta waya, mpaka Jumatatu kamera zikaacha kurekodi kabisa. Kezia alimgombeza mbele ya wafanyakazi, akamfundisha kungoja, kisha akaketi kuitengeneza diski. Oyaro alisimama mlangoni akimenya muwa kwa panga.

Rekodi ya mwisho ilikuwa imeharibika. Kezia akaiokoa, ikafunguka: adhuhuri, Motari, bawabu wa kiwanda, yuko magotini, na Oyaro anampiga kwa chuma cha kinu. Kichwani. Tena kichwani, hata mikono ya Motari ilipoacha kujikinga. Halafu Oyaro anaingia ofisini na picha inakatika. Kumbe aliamini kuvuta waya kumefuta kila kitu. Mji mzima uliambiwa Motari aliuawa na wezi; hata Nyasuguta, mkewe, aliambiwa hivyo.

Kezia aliifunga picha. Akachomeka flashi, akaanza kunakili.

"Umemaliza?" Oyaro akasogea. "Zima nione."

Kezia akaiamuru mashine iachilie diski. Ikajibu kwamba diski inatumika. Oyaro akainama, akaushika waya.

"Ukivuta, mzee, kesho utaniita tena," Kezia alisema. "Si nimekuambia ungoje?"

Na mtu yule ambaye hakuwahi kungoja kitu akangoja, panga mkononi, dakika nne nzima. Diski ikaachiliwa. Mashine ikazimika.

Kezia alipochomoa flashi, Oyaro akaiona. Panga likashuka, na vidole viwili vya Kezia vikabaki mezani. Kwa mkono ule mzima alimtwanga usoni kwa stuli, akamrudia alipoanguka, kisha akakimbia na flashi mdomoni, damu ikidondoka juu ya makapi ya miwa.

Hospitalini, Kezia alimwita Nyasuguta, naye akaitazama rekodi yote kwa simu ya muuguzi. Hakulia.

"Jana alikuja matangani," alisema. "Nilimpa kiti cha Motari."