Nywele Zilirudi

Nilipofika miaka thelathini na tatu, utosi wangu ulikuwa mtupu. Nilikuwa nikinunua ndengu kwa wakulima wa Kyuso, na siku moja msichana anayepima magunia alinipisha kiti. "Umau, kaa hapa," aliniambia. Umau ni babu. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilicheka nao, lakini iliniuma, na wiki hiyohiyo nikashuka Mwingi kwenye duka la dawa.

Mwenye duka, mama mmoja mtaratibu, hakunificha kitu.

"Hizi tembe zinarudisha nywele, lakini kuna wanaume zinawaangusha kitandani, na hata mbegu zinapungua. Ukiona hivyo, wacha, ukuje tuongee. Mko na watoto?"

"Tuko nao," nikasema. Tulikuwa na mwaka mzima wa ndoa bila mtoto hata wa dawa.

Nyumbani mama yangu alikuwa akingoja. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la baba yake mume, na nyanya humtania mtoto huyo kwa kumwita mume wangu. Baba alikuwa ameshafariki. Kila mara mama alimtazama mke wangu tumboni na kumwuliza, "Sasa huyu mzee wangu atakuja lini?"

Mwezi wa tano wa kumeza tembe nywele zilianza kuota. Mwezi huohuo mwili wangu ukalala. Nilijua sababu, sitajidai sikuijua. Nilipima, huku kichwa, huku mtoto, nikajiambia nimalize paketi hii kwanza. Halafu nikanunua nyingine. Kwa mke wangu nilisingizia uchovu wa magunia, na baada ya muda akaacha kuuliza. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha hasa.

Mama alichoka kungoja. Akaenda mpaka Makueni kwa mwanamke anayesifika kwa kutibu tasa, akarudi na mizizi ya kuchemsha. Kila asubuhi alimsimamia mke wangu anywe kikombe kizima. Ilikuwa chungu ajabu. Siku ya kwanza aliitapika yote nyuma ya jiko. Angeweza kujiokoa kwa neno moja tu: mwanao hanigusi. Hakulisema. Alinisitiri, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwa sababu sikustahili.

Asubuhi moja nilikuwa mlangoni nikivaa viatu. Mama alinitazama kichwani, akatabasamu.

"Si uone mwanangu vile amekuwa kijana tena! Ata nywele zimerudi. Huyu hana shida. Shida iko kwako, mama. Kunywa."

Mke wangu alikishika kikombe bila kukipeleka mdomoni. Alinitazama, akangoja. Paketi ilikuwa mfukoni mwangu.

"Kunywa tu," nikamwambia. "Itasaidia."

Akanywa yote.