Siku Niliyoipaka Samli Kompyuta ya Baba Mkwe

Aibu hii nimeibeba muda mrefu, na kila nikifika Itaba, huku kwetu Burundi, kwa wakwe zangu naona kama hata mbuzi wao wananitambua, kwa hiyo wacha niiandike yote, na nikikosea mahali mke wangu Janine atanisahihisha (alikuwepo, na ana haki ya kusema kuliko mimi).

Baba yake, Mzee Severini, alikuwa na kompyuta ya mezani ya kizamani, ile ya kioo chenye kisogo kinene, na ndani yake mlikuwa na filamu ya marehemu mama yake Janine akiimba kanisani. Mashine ilikuwa imechoka, picha inaganda, sauti inarudia neno, halafu inaendelea. Mzee alitaka filamu hiyo iwekwe siku watu wa kwetu watakapokuja kumwomba Janine, ili mama naye awepo. Basi mimi, niliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania na kujifunza kompyuta kwa kuchungulia nyuma ya mabega ya wenzangu, nikasema, "Baba, nitaiongezea nguvu." Hakuna aliyeniomba. Nataka hilo lieleweke.

Nikanunua prosesa ya mtumba (kile kibati kidogo ambacho ndicho akili ya mashine) huko Muyinga ninakoishi, dukani kwa Bwana Amirali. Simlaumu, alinieleza vizuri kabisa: "Ndugu yangu, hii inachemka kuliko ya zamani. Kabla ya kufunga feni, paka dawa hii katikati, bila hiyo itaungua." Akanipa kijibomba cha dawa nyeupe, nami nikakisahau nyumbani, nikaja kukikumbuka Itaba asubuhi ya sherehe, mashine iko wazi, prosesa ya zamani nimeshaing'oa na vijimiguu vyake nimevipinda, kwa hiyo hapakuwa na kurudi nyuma.

Sasa, shangazi yake Janine alikuwa na kibuyu cha samli ya ng'ombe, ile iliyokaa mpaka ikakolea harufu, anawapaka watoto ngozi ing'ae kabla wageni hawajafika. Nikawaza, dawa inateleza na inapakwa, samli nayo inateleza na inapakwa. (Shule yangu ni ndogo, lakini hata huo si udhuru.) Nikachota kwa kidole.

Na mashine ikawaka. Wageni wamekaa, wa kwetu huku, wa kwao kule, mama akatokea kiooni akitembea laini, hagandi hata kidogo, Mzee akasimama, mimi nikajiona mwanamume. Mama akafungua mdomo aimbe. Hapo harufu ikaanza.

"Nani anakaanga na sisi hatujakubaliana?" jirani mmoja akauliza, watu wakacheka, moshi mwembamba ukapanda nyuma ya mashine, kioo kikawa cheusi. Hata neno moja hakuimba.

Msemaji wa upande wao, ambaye kazi yake siku hiyo ni kututania na kutukatalia mpaka tubembeleze, akakohoa. "Wageni wetu wa Muyinga, wenzenu huja kuomba binti. Nyinyi mmeanza kwa kumnyamazisha mama yake."

Ulikuwa utani, naamini hivyo mpaka leo. Lakini hakuna aliyecheka, na Janine akainuka akaenda nyuma ya nyumba.

Mzee akaja, akainama, akanusa.

"Umeipaka samli?"

"Ndiyo, Baba."

"Kama mtoto mchanga." Akachomoa waya wa umeme. "Binti nitakupa, neno langu lilishatoka. Hiyo usiiguse tena."

Kumbe diski, ile inayotunza filamu, haikuungua. Baada ya harusi fundi mmoja wa Gitega mjini akaihamishia filamu kwenye simu, nikampelekea Mzee mbio, nikidhani nimepona. Aliisikiliza yote, mama anaimba moja kwa moja bila kukwama, kisha akanirudishia simu.

"Huyu ana haraka," akasema. "Pale alipokuwa akisimama, ndipo mimi nilikuwa namwitikia."

Hajaiomba tena. Kompyuta iko pembeni, imefunikwa kitenge, na siku za jua kali bado inanuka samli. Mimi nimeapa, kitu cha mtu kikichechemea na mwenyewe ameshazoea kutembea nacho, nitakaa kando, mikono mfukoni.